Aibu Hii ni ya Nani?

Katika nchi ya Uhindi wazazi wengi siku hizi hutafuta wachumba wa binti zao katika tovuti za ndoa. Tovuti hizo zilianza kabla ya mwaka 2000, nazo zimeshika kazi ya mshenga. Lakini mshenga wetu wa zamani aliijua nyumba ya mposaji, na baba yake, na madeni yake pia. Tovuti haijui ila yale aliyoyaandika mtu mwenyewe. Mwezi wa Juni 2016 serikali ya Uhindi ilitoa mwongozo kwamba wenye tovuti wapate hakika ya kila ajiandikishaye. Hata hivyo ayari hawakukoma.

Hila yao yajulikana. Mwanamume hujiita daktari au mhandisi akaaye Uingereza, aliyefiwa na mkewe. Picha ni ya mtu mwingine, imeibwa. Kwa majuma mengi huleta salamu asubuhi na jioni, huuliza hali ya mama mgonjwa. Kisha asema yuaja. Siku hiyo simu yalia: mtu ajiitaye afisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Delhi asema mchumba amezuiliwa kwa kuwa amechukua fedha nyingi, hana budi kulipiwa ushuru. Mwanamke alipa. Kesho yadaiwa faini, kesho kutwa cheti. Forodha ya kweli haiagizi ushuru upelekwe katika akaunti ya mtu binafsi. Lakini nani atakayekumbuka hayo, akisikia kwamba mume wake mtarajiwa yumo mashakani?

Watu husema, "Tamaa ilimponza." Twawaomba wasomaji wetu walipime neno hili. Tamaa ipo duniani, hatukatai. Lakini fedha ile ilitolewa kwa ajili gani? Huyu hakununua dhahabu. Alidhani anakomboa mtu. Ayari alimshika kwa huruma yake na uaminifu wake. Tena ni nani aliyemharakisha? Mara nyingi jina lake liliandikwa katika tovuti na baba yake mwenyewe, na shangazi zake ndio waliouliza kila sikukuu ataolewa lini. Zamani posa ikiharibika, ukoo mzima ulijibu. Leo aibu huachiwa yeye peke yake, na wale waliomtuma hukaa pembeni wakicheka. Hiyo twaiona kuwa dhuluma ya pili.

Nayo ina hasara. Fedha iliyopelekwa leo yaweza kuzuiwa benki kabla haijatolewa, mradi habari ifike upesi. Uhindi wana nambari ya simu, 1930, kwa kazi hiyo. Mwenye aibu hunyamaza mwezi mzima. Mficha uchi hazai. Kisha hutokea ayari mwingine, ajiitaye wakili, akiahidi kuzirudisha fedha kwa malipo kidogo. Huyo huwanasa hasa wasio na mtu wa kumwuliza.

Fedha zisiporudi, bado iko kazi. Mwanamke huyu ana msiba, ijapokuwa hapana maiti: amempoteza mtu aliyezungumza naye kila jioni, na mtu huyo hakuwapo kamwe. Asiambiwe asahau. Aketi na dada au rafiki, asimulie yote tangu salamu ya kwanza, wala asikatizwe. Wako waliopata moyo wa kwenda polisi baada ya kusikilizwa hivyo nyumbani. Sheria ya jinai iliyoanza kutumika huko 1 Julai 2024 yaadhibu udanganyifu wa kujipatia mali kwa kifungo hadi miaka 7. Na mtu wa namna hii akikamatwa, mara nyingi huonekana katika simu yake majina ya wanawake wengi, aliowaandikia maneno yaleyale, kila mmoja akidhani kwamba yuko peke yake.