Ufunguo wa Pili Uko na Nani?

Likizo ya Agosti imefika. Shule zimefungwa, lakini kazi hazijafungwa. Mama anaamka saa kumi alfajiri, anawaombea watoto, anafunga mlango kwa kufuli nje na kwenda kutafuta kibarua. Je, amemwachia Mungu watoto, au amewaacha tu?

Kuna wale watasema haraka, huyo ni mzazi mbaya. Ngoja kidogo. Akikaa nyumbani, jioni watoto watalala njaa. Yuko kati ya hatari mbili, na zote ni za kweli. Wengine watasema, mradi ameomba, yatosha. Hapana pia. Kufuli inazuia mwizi asiingie, lakini mshumaa ukishika pazia, kufuli hiyo hiyo inazuia mtoto asitoke.

Soma Luka 2. Yesu akiwa na miaka 12, Yusufu na Mariamu walitoka Yerusalemu, wakasafiri siku nzima wakidhani yuko kwenye msafara. Walimpata hekaluni baada ya siku tatu. Hawa walikuwa watu wa kumcha Mungu, na msafara ulikuwa na ndugu na marafiki. Lakini hatusomi popote kwamba kuna mtu aliyekabidhiwa kijana.

Ploti zetu ziko vivyo hivyo. Tunasema, "Majirani wapo." Nilipokuwa nikisomea biashara tulifundishwa kwamba kazi isiyo na jina la mtu haifanyiki. Basi tuulize: ufunguo wa pili uko na nani? Na asiwe mtu yeyote tu. Awe mtu unayemjua vizuri na ambaye mtoto hamwogopi, maana kuna ubaya unaoingia kwa mlango ukiwa na ufunguo.

Na baba yuko wapi? Katiba yetu, kifungu cha 53, inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Tusimlaumu mama peke yake.

Mtoto ambaye hajafika umri wa shule asiachwe peke yake, wala asiachiwe ndugu yake wa miaka saba. Jiko la makaa lisiachwe likiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa, sumu yake haionekani. Mkubwa ajue namba ya mzazi kwa kichwa, na pia 116 ya Childline Kenya, ambayo hupigwa bila malipo.

Kuamini Mungu si kumwachia kazi aliyotupa sisi. Kama unakaa nyumbani mchana na jirani yako anafungia watoto, usimsengenye. Mgongee mlango jioni umwambie, "Mama, niachie ufunguo." Jumapili hii baada ya ibada, watu wa ploti moja wakae pamoja dakika kumi, wapange nani atabaki na watoto siku gani.

Mungu awabariki.