Maji Meupe Si Lazima Yawe Safi

Je, mtu aliyefuta alama ya kosa lake amekwisha kulifuta kosa lenyewe? Sote hujibu upesi kwamba sivyo. Lakini katika matendo yetu mara nyingi twaishi kana kwamba ndivyo. Tazameni mfano wa maji yatokayo katika viwanda vya kutia nguo rangi.

Rangi nyingi za nguo siku hizi ni za jamii iitwayo azo. Zilitengenezwa makusudi zisichujuke kwa jua wala kwa sabuni, ndiyo maana maji yanayozibeba ni magumu kusafishwa. Njia mojawapo ni kuyatia katika tangi lisiloingia hewa, ambamo vijidudu visivyoonekana kwa macho hula uchafu na kutoa gesi ya methani. Rangi ikizidi, vijidudu hivyo hudhurika, hasa vile vitoavyo gesi. Tena, hata vikifaulu kuivunja rangi na maji yakawa meupe, hubaki vipande vyake viitwavyo amini za aromatiki, ambavyo baadhi yake ni sumu kuliko rangi yenyewe. Hivyo yafaa maji yapitishwe pia katika tangi lenye hewa, ambamo vijidudu vingine huendeleza kazi hiyo. Anayeishia tangi la kwanza husafisha kikombe kwa nje tu.

Huko Tiruppur, kusini mwa Uhindi, bwawa la Orathupalayam lilijengwa katika mto Noyyal ili kunywesha mashamba. Baada ya miaka michache wakulima waliyakataa maji yake, kwa kuwa yalijaa chumvi na taka za viwanda vya rangi. Mnamo Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda hivyo vifungwe mpaka viache kumwaga taka mtoni.

Wengine watasema: Kusafisha maji ni gharama, na kiwanda kikifungwa maskini hukosa kazi. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwani waliopoteza kazi Tiruppur nao wana watoto. Lakini gharama isiyolipwa kiwandani haipotei. Huilipa mkulima aliye chini ya mto, kwa shamba lake na afya yake, wala hakuulizwa. Huo ni wizi, hata kama mwizi hakuukanyaga ua wa jirani. Kusafisha maji ni sehemu ya bei ya haki ya nguo, kama ulivyo ujira wa mshonaji. Na Kanisa lafundisha kwamba aliyeiba, pamoja na kutubu, anadaiwa kurudisha.

Katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si', Baba Mtakatifu Fransisko aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Basi, enyi wazazi, wafundisheni watoto wenu kuuliza si bei ya nguo tu, bali pia ni nani aliyeilipia. Na kila mmoja wetu, atakapoipima dhamiri yake, asiridhike kwamba doa halionekani tena. Aulize ni nani, chini ya mto, anayekunywa masalio yake.