Sauti ya Mwenyewe Iende Wapi?

Mtu akikutafsiria, anakusaidia. Akikufuta ili akutafsirie, je, bado anakusaidia? Swali hili linaonekana la wenye vitabu, lakini sisi wakimbizi tunaishi nalo, na siku hizi liko hata ndani ya simu zetu.

Tuanze na filamu, maana huko kila mtu ni mtaalamu. Zile filamu za Kihindi na za Kichina zenye msimuliaji, Wanyarwanda wanaziita agasobanuye. Uganda kuna mavijei, Kenya wana DJ Afro, Tanzania alivuma Lufufu. Watu hawa hawamnyamazishi mwigizaji. Wanapunguza sauti yake, kisha wanasema juu yake. Ukitega sikio unamsikia akilia kule nyuma. Msimuliaji akiongeza chumvi, nawe unajua: kuna mwingine pale chini anasema lake.

Kubadilisha sauti kabisa ni jambo jingine, na ni rahisi mno. Faili la video ni kama kapu: picha iko peke yake, sauti iko peke yake. Programu ya bure kama ffmpeg inatoa sauti moja na kuweka nyingine bila kugusa picha, na kazi inaisha upesi.

Sasa chukua mfano wa mama wa Fizi anayeishi hapa Gasenyi. Amehojiwa kwa Kibembe jinsi alivyofika Burundi. Video inawekewa Kifaransa kwa ajili ya wafadhili, sauti yake inatolewa. Baadaye kijana wa mtaani anaona Kifaransa hakitufai, anakitoa, anaweka Kiswahili alichokitafsiri kutoka kile kile Kifaransa. Nia yake ni nzuri. Lakini midomo ni ya mama, na maneno yamepita vichwa viwili. Kama mama alisema "walituambia tuondoke", na sisi tunasikia "tulikimbia", nani atajua? Waliotoa amri wamepotea ndani ya kitenzi kimoja. Na mama akikataa, ushahidi wake haumo tena kwenye faili.

Wengine watasema muhimu ni ujumbe. Kwa video ya kolera, nakubali. Kama Kiswahili cha Dar es Salaam kinawapita watu wa Kivu, kitoe, weka chetu, watu wapone. Habari ya kunawa mikono haina mwenyewe. Ushuhuda una mwenyewe.

Wengine watasema nafasi ni ndogo, vifurushi vya intaneti ni ghali. Haya, tupige hesabu. Dakika 10 za sauti, kwa kilobiti 128 kwa sekunde, hazifiki megabaiti 10. Kapu lile lile linabeba sauti mbili au tatu, na kwenye VLC unachagua ya kusikiliza. Simu nyingine zinacheza ya kwanza tu. Basi Kiswahili kitangulie, Kibembe cha mama kifuate. Siku wajukuu wake wakitaka kumsikia bibi yao, watamkuta.

Lakini kuna hoja nzito zaidi, na hiyo siwezi kuipita. Mtu anaweza kutambulika kwa sauti hata kama uso umefichwa. Kama yule aliyemkimbia bado anamtafuta, kufuta sauti ni kumlinda. Hapo hata kuiacha chini ya nyingine ni hatari, maana iliyomo kapuni hutolewa kwa urahisi ule ule. Kwa hiyo hatuwezi kuweka sheria kwamba sauti ya kwanza ibaki daima, wala kwamba iondoke.

Kinachobaki ni kumuuliza mwenyewe. Na kuuliza si kumpa karatasi ya Kifaransa atie kidole gumba siku ya mahojiano. Ni kumweleza kwa lugha yake nani ataiona video, wapi, na sauti gani itasikika. Tena ni kumwachia nafasi ya kubadili neno lake baadaye.

Mkimbizi ameacha nyumba, shamba, pengine na makaburi ya wazazi. Sauti yake alivuka nayo mpaka. Kwa hiyo wewe kijana mwenye kompyuta, na wewe mfanyakazi wa shirika, kabla hamjabonyeza, mwiteni mama akae, asikilize ile tafsiri mpaka mwisho. Kama kuna mahali atasema "hapana, mimi sikusema hivyo", kazi bado haijaisha.