RAMADHANI 17: KABLA HUJAMTUHUMU JIRANI, HESABU SAA ZAKO ZA KULALA



Leo kila mimbari itazungumza Badri, na ni haki yake. Mwaka wa 2 Hijria, siku kama ya leo, Waislamu 300 na ushei walikabiliana na Makureshi wapatao 1,000. Tunasimulia panga, tunasimulia malaika. Lakini katika Suratul Anfal, aya ya 11, Mwenyezi Mungu anataja neema moja ambayo wengi tunaipita haraka: aliwafunika usingizi, uwe amani kutoka Kwake. Hebu fikiria. Adui yuko mbele, jeshi ni dogo, na zawadi wanayopewa ni kusinzia!

Sasa tujitazame sisi. Tarawehe inakwisha saa tatu na nusu. Baada ya hapo barazani, kahawa, simu, mpaka saa saba. Saa kumi tunaamshana daku. Asubuhi kazini. Halafu tunashangaa tumekuwa wakali, tunagombana foleni ya maji, tunasinzia kwenye darsa.

Wiki iliyopita, baada ya alasiri, alinijia mama mmoja. Amenipa ruhusa niliseme hili bila jina. Binti yake anakabwa usiku. Anafungua macho, hawezi kusogea, hawezi kupiga kelele, na anaona mtu mweusi kamkalia kifuani. Walikwenda kwa mganga, pesa zikatoka, na jina likatoka pia: *jirani*. Mwanamke waliyekuwa wakipelekeana futari miaka na miaka. Tangu Shaabani hawapeani salamu, na huyo jirani hata hajui kosa lake.

Nikamuuliza swali moja tu: "Binti analala saa ngapi?" Akasema yuko kidato cha nne, anasoma mpaka saa saba, na saa kumi kasoro anaamka kupika daku.

Mimi si daktari. Nikamuuliza daktari mmoja tunayesali naye, akanieleza hivi.

*Usingizi una ngazi.* Kwanza unasinzia, dakika chache tu. Ukiitwa unasema "sijalala". Kisha usingizi mwepesi, ambao huchukua karibu nusu ya usiku. Kisha usingizi mzito, mwili unapojitengeneza. Huu tunaupata zaidi mwanzoni mwa usiku. Kisha usingizi wa ndoto. Huu ulielezwa kitaalamu mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago: macho yanacheza chini ya kope, ubongo unafanya kazi karibu kama wa aliye macho, lakini viungo vimelegezwa visifuate amri. Na hiyo ni rehma. Bila hivyo tungeinuka kitandani tukimbizane na ndoto zetu. Mzunguko mmoja ni kama dakika 90, na kwa usiku mzima hujirudia mara 4 hadi 6. Kadiri alfajiri inavyokaribia, usingizi wa ndoto hurefuka.

*Jinamizi hutokea hapo.* Wakati mwingine akili huamka kabla viungo havijafunguliwa. Unaona chumba, lakini kidole hakiinuki. Kifua kinakuwa kizito, na ndoto ambayo haijakwisha inaingia chumbani ikiwa na sura ya kivuli au mtu. Baada ya sekunde kadhaa, pengine dakika moja au mbili, linaachia. Linatisha, ila kwa kawaida halidhuru. Na huwazukia zaidi wenye usingizi mchache, wanaolala saa zisizoeleweka, na wanaolala chali.

Kuna atakayeuliza: "Ustadhi, unakataa majini?" Sikatai. Qur'ani imewataja, na anayekataa Qur'ani hana alichobakiza. Soma Ayatul Kursiy, soma Qul zako tatu, lala kwa ubavu wa kulia kama alivyotufundisha Mtume ﷺ. Ninachokataa ni kumpa jini kazi iliyofanywa na simu na kahawa, kisha kumbandika jirani dhambi ambayo hana. Suratul Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana. Umefunga mchana kutwa, na dhana uliyoilaza moyoni inakula saumu yako.

*Na tusicheke anayekoroma.* Kila mwaka kwenye itikafu kuna mzee anayekoroma na vijana wanaorekodi. Muacheni! Sikilizeni badala yake: akikoroma, kisha akanyamaza kimya, kisha akashtuka kama anayepaliwa, huyo pumzi yake inakatika usingizini. Njia ya hewa inaziba, ubongo unamwamsha avute pumzi, na hilo linaweza kurudia mara nyingi usiku mmoja bila yeye kujua. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia, na mara nyingi presha ya damu huwa juu. Kama ni dereva, roho za abiria ziko mikononi mwake. Mke wake ndiye shahidi. Dada zangu, mkiyaona hayo msinyamaze kwa kumsitiri, mpelekeni hospitali. Ugonjwa huu una matibabu.

Vivyo hivyo aliyekosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikafika miezi 3: huo si udhaifu wa imani, ni jambo la kumwona daktari. Na vidonge vya usingizi visinunuliwe dukani kwa kuambiwa na rafiki.

Tunakumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa, Allah awawie radhi. Abu Dardaa alitaka kusimama usiku kucha. Salman, aliyekuwa mgeni wake, akamwambia alale kwanza, na mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Alimkumbusha kwamba nafsi ina haki yake na ahali wana haki yao. Habari ilipomfikia Mtume ﷺ, alisema Salman kasema kweli.

Basi usiku wa leo:
▪️ Baada ya tarawehe nenda nyumbani. Barza itakusubiri mpaka Shawwal.
▪️ Kahawa iishie mapema, simu ikae mbali na mto.
▪️ Tafuta kailula mchana, hata dakika 20.
▪️ Akina baba na vijana wa kiume, daku tupike na sisi. Asilale mmoja kwa haki ya mwingine.

Yule mama amenitumia ujumbe jana. Binti sasa analala saa nne, kaka yake ndiye anayepasha daku. Siku tano hajakabwa. Lakini kwa jirani bado hajakwenda, anasema anaona aibu.

Mama yangu, najua unasoma. Sahani moja ya futari kabla ya magharibi ya leo inatosha kuanzia. Aibu ya mlangoni kwa jirani ni nyepesi kuliko ile ya Siku ya Kiyama.

Ewe Mola, tujaalie usingizi wa amani, utuamshe na nguvu ya kukuabudu, na utusafishie nyoyo zetu kwa majirani zetu. Aamiin.

Mpelekee na mwenzako ujumbe huu.