Aliyefungiwa Hawezi Kuondoka: Swali la Bwawa la Samaki



Kila ninapokwenda kwa baba mdogo, Lubaga, hupita kando ya Ziwa la Kabaka. Ziwa lile lilichimbwa kwa majembe katika miaka ya 1880, kwa amri ya Kabaka Mwanga. Machifu na watu wao walilazimishwa kuchimba, na wanahistoria huitaja kazi hiyo miongoni mwa manung'uniko yaliyomwondoa madarakani mwaka 1888. Mimi nilikuwa naliona ni mahali pa kupumzikia tu, mpaka baba mdogo aliponiletea swali lake.

Yeye ana bwawa bondeni, nje kidogo ya mji. Vifaranga vya samaki alivinunua Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe: ngege na wale wageni waitwao kapi, wanaochimbua matope wakitafuta chakula. Bwawa hilo ndilo linalonilipia karo.

Mwaka jana rafiki yake aliyewahi kuishi Uingereza alimpa wazo. Huko, alisema, kuna maziwa ya watu binafsi yaliyojazwa kapi wakubwa. Mvuvi hulipa kiingilio, humnasa samaki kwa ndoana, humpima, hupiga naye picha, kisha humrudisha majini. Samaki mmoja huingiza pesa mara nyingi.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi," baba mdogo aliniambia. "Kuna ubaya gani? Anayemla anamuua. Huyu wangu anabaki hai."

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinishinda kwa siku kadhaa. Kweli, kuishi si bora kuliko kufa?

Kisha wakaja wageni wawili wa kujaribu, nami nikapewa kazi ya kutoa ndoana. Kapi wa tatu niliyemshika alikuwa na mdomo uliokwisha kuchanika asubuhi ileile. Mgeni alicheka, akasema huyu ni mlafi. Mimi sikuweza kucheka.

Allah (S.W.) ametuhalalishia mawindo ya majini, nasi twasoma hayo katika Suratul Maida, aya ya 96. Lakini aya inayataja kuwa ni chakula na manufaa kwetu na kwa wasafiri. Mtume (S.A.W.) naye alikataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kulengwa, na hata katika kuchinja akaamrisha kisu kinolewe ili mnyama apumzike. Ninavyoelewa, maumivu yameruhusiwa kwa kiasi cha haja, na haja ikiisha ruhusa nayo inaisha. Anayemvua samaki ili ale anayo haja. Anayemchana mdomo ili apige picha, haja yake ni ipi? Kumrudisha majini hakufuti alichomfanyia.

Lipo jambo jingine zito zaidi. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Samaki wa Nyanza anaweza kukimbia, lakini wa bwawani tumemfungia sisi. Samaki wakizidi bwawani, hewa ya majini hupungua usiku, na alfajiri utawaona juu wakitweta. Nimewaona mimi mwenyewe nilipotoka kusali. Mwenye bwawa atasema ni mali yake, na ni kweli, ila mali hiyo ina roho na ataulizwa juu yake.

Nilimweleza baba mdogo haya kwa adabu, nikijua kwamba nazungumza dhidi ya karo yangu. Alinyamaza kitambo, akasema, "Basi na wewe niambie tutakula nini."

Swali lake lilikuwa la haki. Makatazo bila njia ya kutokea humwacha mtu na dhiki yake. Tukakubaliana hivi: mgeni avue, lakini anachokivua akinunue kwa kilo na aende nacho nyumbani. Wadogo tu ndio warudishwe, ili wakue. Bei hulipwa samaki akiwa kwenye mizani, hivyo hakuna anayelipia kitu asichokijua. Na idadi ya samaki imepunguzwa.

Mapato ni madogo kuliko yale aliyoahidiwa. Muhula huu nimelipa karo kwa awamu mbili, na baba mdogo bado hunitania kwamba fatwa yangu ni ghali. Mimi si mufti, na mwenye elimu zaidi anirekebishe.

Siku hizi nikipita Ziwa la Kabaka nawafikiria waliolichimba bila hiari. Ukitaka kuijua dini ya mtu, mtazame anavyomtendea yule asiyeweza kumkimbia: samaki bwawani, kibarua shambani, msichana wa kazi nyumbani. Wewe, ndugu yangu, ni nani hawezi kukukimbia?

Wallahu a'alam.