Shaka Mbili za Mtenda Kazi

Iko kazi ambayo mwenye kuitenda huulizwa na moyo wake kila jioni: Je, leo nimemfaa mtu? Ndiyo tiba ya viungo, kama itendwavyo katika hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima mjini Mwanza. Daktari mpasuaji huona matunda ya kazi yake upesi. Bali mtaalamu wa viungo hungoja majuma na miezi.

Tena shaka yake ina sababu. Mtu aliyepatwa na kiharusi, katika miezi ya kwanza mwili wake hurudiwa na nguvu kwa sehemu hata bila ya kutibiwa. Basi akiinua mkono, nani atakayejua ni kiasi gani kimetoka katika mazoezi? Na mgonjwa wa Ukerewe, aliyevuka ziwa kwa nauli ya kuazima, pengine harudi tena. Labda amepona, labda amekata tamaa.

Wako wasemao kwamba mwenye shaka namna hii na aiache kazi. Lakini shaka ni mbili, wala hazifanani. Ya kwanza huuliza: Je, njia hii yamsaidia mgonjwa? Hiyo ni njema, maana humfanya mtu apime, ajifunze, atafute habari za asiyerudi, na kuacha lisilofaa. Ya pili huuliza: Je, yajulikana kwamba ni mimi niliyemponya? Hiyo haishibi kamwe.

Tazameni mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo. Kwa njia ya daktari Ponseti wa Marekani, mguu hunyoshwa polepole, plasta ikibadilishwa kila juma, mara tano au sita hivi. Na mara nyingi ukano wa kisigino hukatwa. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, kwanza mchana na usiku, baadaye usiku tu, hata afikie miaka minne hivi. Asipovikwa, mguu waweza kupinda tena. Basi nani amemponya: mtaalamu, au mama aliyevumilia kilio cha usiku? Wote wawili, wala sehemu ya mmoja haipunguzi ya mwenzake.

Kwa hiyo, mtenda kazi asiitafute furaha yake katika shukrani. Na aitende vema sehemu yake, amfundishe mwingine sehemu iliyobaki. Mtoto akikimbia ufukoni, asimjue aliyemfunga plasta, kazi ile haikupotea.