Mikono Haitoshi

Mwaka juzi tulisafiri kwa gari la mjomba kutoka Dar es Salaam kwenda Korogwe, kwenye arusi ya binamu yetu. Mjomba aliendesha. Mimi nilikaa mbele kwa sababu ya miguu yangu mirefu. Nyuma walikaa bibi na mama mdogo, pamoja na mwanawe wa miezi minane, ambaye kwa hakika hakuwa na kiti: alipakatwa na huyu, huyu akichoka akapokewa na yule.

Kengele ya mkanda katika gari la mjomba hailii. Amechomeka pale kipande cha chuma alichokinunua kwa kazi hiyo, na gari linaamini kwamba amejifunga. Mkanda wenyewe aliuvuta kifuani kila tulipowashiwa taa na gari linalotoka mbele, ishara kwamba trafiki wako karibu, kisha akauachia tulipowapita. Mikanda ya nyuma sikuiona. Ilikuwa imefunikwa na kava mpya za viti. Mimi nilikuwa nimefunga wangu tangu Mbezi. Jambo hilo dogo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Baada ya Chalinze, trafiki mmoja alitusimamisha. Akatazama viti viwili vya mbele, akainama, akamwona mtoto mapajani mwa bibi, akamchekea, akatutakia safari njema. Sote tulifurahi. Kabla hatujafika Mto Wami, mbuzi wakakatiza barabara. Mjomba alikanyaga breki kwa nguvu zake zote, gari likasimama bila kugonga hata mbuzi mmoja. Mkanda ulinibana kifuani ukanirudisha kitini. Mtoto alichopoka mikononi mwa bibi, akagonga mdomo kwenye mgongo wa kiti changu. Ufizi ulitoka damu kidogo. Alilia, akanyonya, akalala. Bibi hakusema neno mpaka Segera.

"Ajali haina kinga," mjomba alisema hatimaye, na nyuma wakaitikia.

Nimeifikiria sana methali hiyo. Neno ajali lilitujia kutoka Kiarabu, ambako *ajal* ni muda uliowekwa, ukomo wa uhai wa mtu. Ndani ya neno tunalolitumia kila siku kuna imani nzima: kwamba saa ikifika, imefika. Siidharau imani hiyo. Imewafariji watu wengi waliobaki na jeneza sebuleni. Lakini bibi yule yule huchomekea chandarua chini ya godoro kila jioni, na sijawahi kumsikia akisema kwamba malaria haina kinga. Mjomba hufunga geti kwa kufuli mbili. Majaaliwa tunayaachia barabara peke yake.

Na hata tukiikubali methali kama ilivyo, mkanda hauipingi. Mkanda haukingi ajali. Mbuzi watakatiza, tairi litapasuka, lori litahama upande wake. Kinachokingwa ni mtu aliye ndani. Nils Bohlin, mhandisi wa Volvo aliyebuni mkanda wa kushika sehemu tatu mwaka 1959, alianzia kwenye wazo hilo: gari litagonga, sasa mwili ufanyiwe nini? Akaupitisha mkanda kifuani na kiunoni, penye mifupa inayoweza kuhimili mvuto. Kampuni yake ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo bure. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa abiria wa mbele kwa karibu nusu.

Lakini mtu mzima anaweza kujibu kwamba uhai ni wake. Jibu hilo lina kasoro tayari, kwa sababu abiria wa nyuma asiyejifunga hurushwa mbele na kumponda aliye mbele yake. Uhuru wake unatua mgongoni mwa mwenzake. Hata hivyo tumwachie hoja yake. Mtoto wa miezi minane hana hoja. Hajachagua gari wala dereva. Anapata usalama ule tu ambao watu wazima waliomzunguka wameona haya au hawajaona haya kuudai.

Sisi tunaamini tumempa usalama huo tunapompakata. Sijui alama ya upendo iliyo wazi kuliko mtoto aliyelala kifuani mwa bibi yake. Shida ni hesabu. Gari lililo katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, kwa aliye ndani bila kufungwa ni sawa na kuanguka kutoka urefu wa mita kumi hivi. Katika sehemu ya kumi ya sekunde ya kusimama, mtoto wa kilo 9 huvuta mikono inayomshika kwa uzito unaozidi gunia la mahindi la kilo 100. Bibi yangu amebeba magunia maisha yake yote, lakini hakuna aliyewahi kumrushia gunia akiwa amesinzia na kumtaka alidake. Siku ile ya mbuzi ilikuwa breki tu, na bado mikono ilishindwa.

Ndiyo maana nadhani swali la mkanda ni swali la kimaadili kabla ya kuwa swali la sheria. Linatutaka tukubali kwamba upendo wetu, hata ukiwa mkubwa kiasi gani, hauna nguvu ya kuushinda mwendo. Kukiri hivyo kunauma, hasa kwa mzazi.

Sasa nirudi kwenye mkanda wangu mwenyewe. Nilikuwa nimejifunga. Hesabu hizi nilizijua. Nilikaa mbele kwa saa nzima na zaidi nikijua kwamba nyuma yangu kuna mtoto aliyeshikwa na mikono mitupu, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa adabu. Kumwambia mjomba tusimame tuitafute mikanda chini ya kava kungekuwa kama kumwambia, "Mjomba, siamini uendeshaji wako," na najua angeniuliza mbele ya wote tangu lini nimekuwa trafiki. Basi nikachagua heshima. Baadaye tu ndipo nilipojiuliza: heshima ile niliilipa kwa mfuko wa nani? Haikunigharimu mimi. Gharama ilikuwa ya mtu pekee ndani ya gari ambaye hakuweza kusema.

Sisemi kwamba kila mzazi anayempakata mtoto ana hatia. Kiti cha mtoto ni ghali, na wazazi wengi huwabeba watoto wao kwenye daladala, bajaji na bodaboda, ambako hakuna pa kukifunga hata wakipewa bure. Kuwahubiria hao ni kukosa aibu. Wajibu huanzia pale uwezo unapoanzia. Lakini sisi tulikuwa na gari, tulikuwa na mikanda tuliyoikalia, na kava zile za viti zilinunuliwa kwa fedha.

Baada ya arusi nilimweleza mama mdogo haya yote, nikiwa na aibu. Tulichangishana, tukapata kiti kilichotumika cha mtoto mchanga, kile kinachotazama nyuma kwa sababu kichwa chake ni kizito na shingo bado laini. Nilimpigia mjomba simu nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamwomba atoe kava. Akakaa kimya kidogo. "Wewe unaniona mzee," alisema. Wiki iliyofuata kava hazikuwepo. Kile kipande cha chuma bado kipo.

Safari ya kwanza mtoto alilia kutoka Mbezi mpaka karibu na Kibaha. Bibi alitulaumu njia nzima: tumemfunga mtoto kama kuku wa mnadani. Mara mbili alitaka kumfungua, na mara mbili nilisema, "Hapana, bibi," maneno ambayo sikuwahi kumwambia maishani. Sauti yangu ilitetemeka.

Mtoto alipolala, bibi alinyoosha mkono akamshika unyayo, akakaa hivyo mpaka Chalinze.